Ghala Kuukuu Chini ya Theluji: Picha na Yasiyosemwa na Picha

Wahenga walipolonga kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa, bila shaka walikuwa wakivitazama vyombo vya baharini. Hata hivyo, methali hiyo yafaa vilevile kwa jengo lisilowahi kuiona bahari: ghala kuukuu la mbao lililosimama peke yake katikati ya shamba lililofunikwa theluji, kaskazini mwa Marekani, huku mpigapicha akiwa kando ya barabara, vidole vimemfa ganzi, akisubiri jua lichomoze nyuma ya kilima. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, watu wa namna hiyo huonekana Vermont, New Hampshire, Wisconsin, Iowa na Wyoming. Wachache wao huishi kwa kazi hiyo. Walio wengi ni walimu, wauguzi, madereva na wastaafu wanaotoka nyumbani alfajiri kabla ya shughuli za siku. Matunda ya juhudi zao yamewafikia hata watu wasiowahi kukanyaga jalidi. Katika sebule nyingi za Kenya ya miaka ya 1980 na 1990 palitundikwa kalenda iliyokuwa na ghala jekundu lililozungukwa na weupe mtupu, na kadi za Krismasi zilizouzwa Nairobi, jua la Desemba likiwaka utosini, zilibeba taswira iyo hiyo.

Wapo wanaozibeza picha hizi. Huziona kuwa peremende za macho: tamu, rahisi, zisizo na lishe. Wapo pia wanaozitukuza, wakidai kuwa ghala bovu katika theluji linasema lenyewe na halihitaji mkalimani. Makala haya hayakubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Yanashikilia kwamba kuyapiga picha maghala ya kale wakati wa baridi ni kazi ya maana, pengine yenye maana kuliko wanavyofahamu baadhi ya wanaoifanya. Lakini yanashikilia pia kwamba picha isiyoandamana na maneno, yaani jina la mahali, mwaka, aina ya jengo na kazi iliyokuwa ikifanyika humo, ni kazi iliyoachwa nusu.

Msomaji wa Kiswahili anapolikabili jengo hili hupambana kwanza na suala la istilahi, na si vibaya kulitua suala hilo hapa. Ghala, kwa mazoea, ni mahali pa kuhifadhia nafaka au bidhaa; ng'ombe hawalali ghalani. Zizi ni la mifugo, lakini aghalabu halina paa wala halihifadhi chakula cha mwaka. Banda nalo ni neno legevu mno: huwa la kuku, la magari, hata la maonyesho ya kilimo. Jengo la mkulima wa Vermont ni ghala kwa juu na zizi kwa chini, na katikati yake mna sakafu pana ya mbao iliyokuwa ikitumika kupuria nafaka. Kiswahili kimevitenga vitu hivi kwa sababu anga lililokilea halikuwahi kumlazimisha mtu kuviunganisha. Kadhalika, watafsiri wengi wamezoea kuyaita majira ya baridi ya huko kipupwe. Kipupwe cha Lamu au Mombasa ni ubaridi wa kupendeza wa miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo mtu hujitanda shuka na kushukuru. Hakigandishi maji ndooni wala hakiui mche. Kwa upande mwingine, theluji, barafu, jalidi na sakitu yamo kamusini, na hayakungoja tafsiri za kisasa ili yaingie humo. Kwa hiyo lugha haina udhuru. Kwa jengo lenyewe, neno ghala litatumika hapa kwa kukosa lililo bora, na huenda mwanafunzi mmoja wa isimu akaliona hilo kuwa kazi ya kufanya.

Kuunganishwa kwa ghala na zizi kulitokana na baridi yenyewe. Katika majimbo ya kaskazini ng'ombe hawawezi kulishwa malishoni kwa takriban nusu ya mwaka. Nyasi sharti zikatwe wakati wa joto, zikaushwe kwa jua, kisha zipakiwe katika orofa ya juu hadi zigusane na paa. Kutoka huko juu zilisukumwa kwa uma wa mti kupitia uwazi wa sakafuni hadi horini. Shehena hiyo ya nyasi iliwakinga wanyama dhidi ya baridi, na joto la miili ya wanyama likalifanya jengo zima livumilike. Katika majimbo ya Maine na New Hampshire wakulima wengi wa karne ya 19 waliendelea mbele zaidi: waliiunganisha nyumba ya kuishi na jiko, stoo na ghala katika mstari mmoja, mkulima akawa anaweza kwenda kukama bila kuchimba njia katika theluji. Moto ulipozuka upande mmoja, bila shaka, uliweza kuteketeza vyote.

Wajerumani waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18 walikuja na mtindo wa kulijenga ghala ubavuni mwa kilima, ili mkokoteni wa nyasi uingie moja kwa moja kwenye orofa ya juu kutoka upande wa mwinuko, na ng'ombe waingie chini kutoka upande wa bonde. Jumuiya ya kidini ya Washeka ilijenga ghala la mawe la mviringo huko Hancock, Massachusetts, mwaka 1826, ng'ombe wakipangwa duara vichwa vikielekea katikati, mahali paliporundikwa nyasi. Rangi nyekundu iliyotapakaa kote haikuchaguliwa kwa ajili ya kalenda. Kutu ya chuma ilikuwa rahisi kupatikana. Ilichanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, mara nyingine na maziwa yaliyoenguliwa malai na chokaa, ikawa kinga ya mbao dhidi ya kuvu na mvua.

Ama mbao zenyewe, fundi yeyote wa majahazi angeyatambua mengi. Boriti zilichongwa kwa shoka na tezo, na alama za tezo hizo bado huonekana. Ncha ya boriti moja iliingizwa katika tundu la nyingine na kukazwa kwa kigingi cha mti mgumu, bila msumari. Kiunzi kiliunganishwa vipande vipande ardhini, kisha siku moja majirani wote wakaitwa, wakakisimamisha kwa nguvu za mikono na miti mirefu. Ulikuwa msaragambo kwa kila hali: wanaume wakiinua, wanawake wakipika, watoto wakitumwa. Mtu anayelitazama ghala hilo leo kupitia lenzi anatazama kazi ya kijiji kizima, hata kama mlango wake una jina la familia moja.

Je, kwa nini baridi iwe ndio majira ya kulipiga picha jengo kama hilo? Jibu la haraka ni urembo, na urembo huo si wa kukanwa. Katika latitudo ya digrii 44, ambako sehemu kubwa ya Vermont imelala, jua la saa sita mchana mwishoni mwa Desemba halipandi juu ya upeo kwa zaidi ya digrii 23 hivi. Nuru hiyo ya ubavuni hukwaruza kila ufa wa ubao na kuchora kila kichwa cha msumari. Vivuli juu ya theluji huwa vya samawati kwa kuwa vinaangazwa na anga peke yake. Lakini jibu lililo zito zaidi linahusu ukweli. Wakati wa joto ghala hufichwa na mizabibu ya porini, magugu, na majani ya miti ya mepo. Baridi huyavua yote hayo. Mgongo wa paa uliopinda huonekana umepinda. Msingi wa mawe uliosogea huonekana umesogea. Nyayo pia hutoa ushahidi: ghala linalotumika lina njia iliyokanyagwa kutoka nyumbani hadi mlangoni, ilhali lililotelekezwa lina theluji isiyoguswa hadi kizingitini. Mpigapicha makini husoma hayo kabla hajafungua mkoba wake.

Theluji nayo ina hila zake kwa mwenye kamera. Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hudhania kwamba kila kinachoelekezewa ni cha rangi ya kijivu ya wastani. Kikielekezewa shamba jeupe hupunguza mwanga, na theluji ikatoka kijivu kama jivu la jana. Ndiposa mzoefu huongeza mwanga kwa hatua moja au mbili kinyume cha ushauri wa chombo chake. Betri huishiwa nguvu upesi katika baridi, kwa hiyo ya akiba huwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera iliyotoka nje haiingizwi chumbani wazi. Hufungiwa kwanza katika mfuko wa plastiki ili umande usiganie juu ya kioo. Zaidi ya yote, theluji haisamehe hatua. Anayetembea ovyo kutafuta pembe nzuri hugeuka akakuta nyayo zake mwenyewe zimeshaharibu kile alichokijia, na itambidi asubiri theluji nyingine ianguke. Ni kazi inayomfunza mtu kuwaza kabla ya kukanyaga, sifa ambayo haipatikani kwa urahisi katika upigaji picha wa simu za mkononi.

Historia ya kazi hii ina watu wa kukumbukwa, na wa kwanza kustahili kutajwa alikuwa mkulima. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, Vermont, katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Akiwa na kamera iliyounganishwa na hadubini, alifaulu tarehe 15 Januari 1885 kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Alifanya kazi hiyo katika kibanda kisicho na moto, kwa kuwa joto lingemwibia kielelezo chake. Hadi alipofariki Desemba 1931 alikuwa amekusanya picha zaidi ya 5,000, na kitabu chake, Snow Crystals, kilitoka mwaka huohuo kikiwa na picha zaidi ya 2,000. Yafaa izingatiwe kwamba Bentley hakuridhika na picha. Aliweka daftari za hali ya hewa mwaka baada ya mwaka, akijaribu kuoanisha umbo la chembe na baridi ya siku. Kwa maneno mengine, mkulima huyu alikuwa amekwisha kuelewa hoja ambayo baadhi ya wapigapicha wa maghala hawajaielewa hadi leo.

Mnamo 1917 hivi, Charles Sheeler alizipiga picha kuta za maghala ya Bucks County, Pennsylvania, akizitazama kama mpangilio wa mistari, weupe na weusi. Picha zake zilisaidia kuyaingiza majengo ya wakulima katika mjadala wa sanaa ya kisasa. Ni picha kubwa kwa ustadi, lakini mkulima hayumo. Ukuta ni ukuta.

Mfano ulio tofauti ni ule wa mradi wa picha ulioanza mwaka 1935 chini ya Roy Stryker, ambao umejulikana zaidi kwa jina la shirika la serikali la Farm Security Administration. Nia yake ilikuwa kuonyesha hali ya vijijini wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mapema mwaka 1940 mpigapicha wake Marion Post Wolcott alizunguka Vermont na New Hampshire katika theluji, akipiga picha za mashamba, maghala, barabara na kitovu cha mji wa Woodstock usiku. Mkusanyiko wote, ambao umehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, una negativu takriban 175,000 zisizo za rangi. Stryker hakuwa malaika. Picha asizozitaka katika miaka ya mwanzo alizitoboa tundu kwenye negativu yenyewe ili zisitumike kamwe, na duara hilo jeusi katikati ya uso wa mtu au juu ya paa bado hutisha. Lakini alishurutisha jambo moja lenye manufaa: wapigapicha wake walitakiwa kuusoma uchumi wa eneo kabla ya kwenda, na kurudi na maelezo ya maandishi. Kwa sababu hiyo, mtafiti wa leo anaweza kuichukua picha ya ghala ya 1940 na kujua iko karibu na mji upi, mwezi upi. Picha nyingi za maghala zinazopigwa sasa, zilizo safi mara kumi kwa ubora wa kamera, hazitamwezesha mtafiti wa mwaka 2100 kujua hata ni jimbo gani.

Fauka ya hayo, mfano wa Wright Morris wafaa utiliwe maanani na watu wa fasihi. Morris, mwana wa Nebraska, alikuwa mwandishi wa riwaya na mpigapicha kwa wakati mmoja. Katika kitabu chake The Inhabitants cha mwaka 1946 aliweka picha za majengo yasiyo na mtu hata mmoja, na kando ya kila picha akaweka maandishi yake. Sauti za wakaaji zilirudi kwa njia ya maneno, ilhali picha ilibaki na upweke wake. Hapakuwa na kushindana baina ya jicho na ulimi.

Sasa na lizingatiwe linalofichwa. Kadi yenye ghala na theluji huuza utulivu. Inamwambia mtazamaji kwamba huko kuna maisha yasiyobadilika. Ukweli ni kwamba jengo hilo limebaki tupu kwa sababu maisha yalibadilika kwa kishindo. Marekani ilikuwa na mashamba takriban milioni 6.8 mwaka 1935. Sensa ya kilimo ya 2022 ilipata yasiyozidi milioni 1.9 na ushei. Jimbo la Vermont lilikuwa na zaidi ya mashamba 10,000 ya ng'ombe wa maziwa katika miaka ya 1940. Kufikia miaka ya 2020 hayakufika 1,000. Sababu zinajulikana. Trekta ilimwondoa farasi na nafasi yake zizini. Mashine za kufunga nyasi katika marobota mazito zilizifanya orofa za kale zisifae, kwa kuwa sakafu zake hazikujengwa kuhimili mizigo hiyo, wala milango yake haikupimiwa mitambo mipana. Katika miaka ya 1950 viwanda vya maziwa vilianza kudai kwamba mkulima awe na tangi kubwa la kupozea maziwa badala ya mikebe, na mwenye ng'ombe kumi au kumi na watano hakuweza kulimudu. Mwaka 1986 serikali yenyewe, ikikabiliwa na ziada ya maziwa, iliwalipa wafugaji wauze mifugo yao yote ichinjwe au ipelekwe nje ya nchi, na wajiepushe na kazi hiyo kwa miaka mitano. Mwanzoni ng'ombe hao walitakiwa wachomwe alama ya X shavuni, hadi mahakama ilipoingilia kati. Baadhi ya maghala ambayo leo hupigwa picha kwa utulivu wake yalinyamaza asubuhi moja ya mwaka huo. Mpigapicha asiyejua hilo hana hatia. Anayelijua akalikalia kimya, akaiita picha yake "Amani", ana la kujibu.

Pana kimya kingine, cha zamani zaidi. Ghala la Thomas Alma Moulton katika bonde la Jackson Hole, Wyoming, linasadikiwa kuwa miongoni mwa maghala yaliyopigwa picha zaidi ulimwenguni. Nyuma yake imesimama milima ya Teton yenye theluji, na ni vigumu kwa kamera yoyote kukosea hapo. Moulton alianza kulijenga katika miaka ya 1910, akaliongeza sehemu kwa sehemu kwa zaidi ya miaka 30, hadi familia ilipoiuzia ardhi hiyo hifadhi ya taifa katika miaka ya 1960. Makazi hayo yaliingizwa katika orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1997. Barabara ya kufikia hapo hufungwa wakati wa baridi, na wapigapicha hutembea juu ya theluji wakiwa wamevaa viatu vipana vya kazi hiyo. Hayo yote yameandikwa. Kinachosahaulika kwa urahisi ni kwamba bonde hilo lilikuwa mapito na mawindo ya Washoshoni na mataifa mengine kwa vizazi vingi kabla ya boriti ya kwanza kuchongwa. Msomaji wa Kenya, ambaye historia ya nchi yake ina nyanda zilizowahi kuitwa za Wazungu, hatahitaji kufafanuliwa jinsi jengo zuri la shambani linavyoweza kulifunika swali la ardhi lilikotoka.

Kuna watakaopinga hoja hizi. Watasema kwamba mpigapicha si mwanahistoria, na kwamba kumtwika mzigo wa maelezo ni kumnyang'anya furaha. Pingamizi hilo lina uzito. Urembo wenyewe umewahi kuyaokoa majengo: wakazi wengi wa vijijini walianza kuyathamini maghala yao baada ya kuyaona ukutani mwa mtu mwingine, na vyama vya kuyahifadhi, mathalani ule wa Iowa ulioanzishwa mwaka 1997, huyategemea macho ya umma yaliyokwisha kuvutwa na picha. Lakini urembo usio na simulizi una madhara yake. Mwaka 2023 mji mdogo wa Pomfret, Vermont, ulilazimika kufunga barabara kwa wageni katika majira ya majani mekundu kwa kuwa umati uliofuata picha za shamba moja la binafsi ulikuwa umeziba njia na kuingia katika viwanja vya watu. Watu hao walikuwa wameiona picha mara elfu. Inaelekea wachache tu miongoni mwao waliwahi kuambiwa kwamba pale pana mtu anaishi.

Isitoshe, hakuna anayedai insha ndefu. Mistari minne inatosha: mahali, tarehe, umbo la jengo, na jina au kazi kama mwenyewe ameridhia kutajwa. Kuipata mistari hiyo kunamlazimu mpigapicha abishe hodi. Katika baridi ya chini ya sufuri, mlango ubishwapo hufunguliwa upesi, na mzee aliyekama humo kwa miaka hamsini aghalabu ana mengi ya kusema kuliko muda uliopo. Atayataja majina ya sehemu za jengo ambazo mwanawe hazijui: dari ya nyasi, tundu la kushushia, horini, boriti ya kufungia ndama. Maneno hayo hufa pamoja na majengo, na hufa mapema zaidi, kwa maana ghala huweza kusimama miaka thelathini baada ya msamiati wake kuzikwa. Hili si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kihenge na uchaga yamo katika kamusi, lakini ni wangapi darasani wanaoweza kuchora tofauti ya viwili hivyo, au kusema kila sehemu yake inaitwaje? Kamera ziko mikononi mwa kila mmoja wao.

Muda nao hausubiri. Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2007 iliuliza kuhusu maghala yaliyojengwa kabla ya 1960, na zaidi ya mashamba 600,000 yakajibu kuwa yanayo. Idadi hiyo yaweza kumfariji mtu, lakini ghala la mbao hufia paani. Bati au kigae kimoja kikipeperuka, maji huteremka hadi kwenye kiungo cha boriti. Kiungo huoza kimyakimya kwa miaka. Kisha hufika baridi moja yenye theluji nzito na paa huenda chini usiku mmoja. Yale yasiyoanguka huwindwa na wafanyabiashara wa mbao kuukuu, ambao huzinunua boriti zenye alama za tezo na kuzipeleka mijini zikapambe mikahawa. Mlaji wa huko huketi chini ya msaragambo wa mwaka 1830 bila kujua.

Jimbo la New Hampshire limelijaribu jambo moja linalofaa kuchunguzwa. Sheria yake ya mwaka 2002 huuruhusu mji kumpunguzia mwenye ghala la kale kati ya asilimia 25 na 75 ya thamani inayotozwa kodi ya jengo hilo, mradi liwe na angalau miaka 75 na mwenyewe ajifunge kulitunza kwa muda usiopungua miaka kumi. Ili akubaliwe, jengo lake sharti liwe na manufaa kwa umma, na mojawapo ya manufaa yanayotambuliwa na sheria hiyo ni kwamba watu hulifurahia kwa macho kutoka barabarani. Mkulima mwenye ngazi na nyundo, anayepanda kuziba tundu la paa mwezi wa Novemba kabla ya theluji ya kwanza, hulipwa kwa njia hiyo sehemu ndogo ya gharama ya kile ambacho mpita njia atakipiga picha Januari. Mkataba huo huandikwa, hutiwa saini na husajiliwa katika ofisi ya hati za ardhi ya wilaya, jina la mwenye ghala likiwa juu yake.